Mashine ya Chumba cha Mama

Wahenga hawakukijua kiyoyozi. Joto lilipowazidi walihamia kivulini, wakajipepea kwa chochote kilichokuwa karibu, wakangoja jua lishuke. Hata hivyo walimjua fundi wa viyoyozi kuliko anavyojijua mwenyewe, kwa maana walisema mganga hajigangi. Wapo wanaoitumia methali hii kumcheka tabibu mwenye kikohozi au kinyozi mwenye nywele timutimu, na kicheko chao si kibaya. Lakini methali yenyewe haicheki. Inaonya kwamba mtu anayewatibu wengine, akifika kwenye kidonda chake, hukosa jicho la kukiona na mkono wa kukifikia, na asipokubali kutazamwa na mwenzake, kidonda hakimngojei. Fundi tutakayemsimulia hapa alilijua jambo hilo kwa ulimi tangu utotoni. Kulijua kwa moyo kulimchukua msimu mmoja wa joto.

Mtaani walimwita Fundi Digrii. Jina hilo hakulipata chuo kikuu, maana darasani hakukaa sana. Alilipata kwa sababu kila nyumba aliyoingia, kabla hata ya kufungua mkoba wake, aliichukua rimoti na kuuliza, "Mmeweka digrii ngapi?" Akikuta kumi na sita alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaipandisha hadi ishirini na nne, na hotuba ikaanza. Wateja wake waliijua hotuba hiyo neno kwa neno. Wengine waliisema pamoja naye, kama wanafunzi wanaokariri jedwali la kuzidisha.

Aliwaambia kwamba mashine haipozi chumba upesi kwa kuwekewa namba ndogo, inachoka tu, kama punda anayechapwa ilhali tayari anakimbia. Aliwaambia pazia la upande wa jua lishushwe kabla jua halijafika dirishani, wala si baada ya kitanda kupata moto. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili, kwani mashine nayo ina pua, na pua ikiziba hakuna kupumua. Mashine ya nje ipewe nafasi yake, isigeuzwe mahali pa kuanikia soksi. Feni ndogo ikiwepo, iwashwe pamoja nayo ili ubaridi utembee. Na juu ya yote dirisha lifungwe, mlango ufungwe, na taulo likunjwe lizibe uwazi wa chini ya mlango.

"Ubaridi ni kama umbeya," alikuwa akisema. "Ukipata upenyo wa kidole tu, umeshafika kwa jirani."

Watu walicheka, wakatii, na nyumba zao zikapoa. Alikuwa na mikono myepesi na jicho kali. Alipomaliza kazi alikata kipande cha mkanda mweupe wa gundi, akaandika kwa wino mzito tarehe na kitu alichokifanya, akakibandika ndani ya kifuniko. Mashine nyingi za mtaa ule zilikuwa na vipande hivyo, kimoja chini ya kingine, na mtu aliyetaka kujua afya ya mashine yake alifungua kifuniko akasoma. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo. Fundi wa jirani, ambaye karakana yake ilitazamana na ya kwake, alikuwa na mwendo wa kobe kiasi kwamba watu walimwita Taratibu. Angeweza kushinda nusu siku kwenye mashine moja, akipangusa kila parafujo kwa kitambaa. Fundi Digrii hakumchukia, ila hakuacha kumtania kwamba akiitwa kurekebisha mashine wakati wa joto, atamaliza wakati wa mvua.

Nyumbani kwa Fundi Digrii palikuwa na mashine moja tu, nayo ilikuwa katika chumba cha mama yake. Mama huyo naye alikuwa fundi, fundi wa cherehani, na kwa zaidi ya miaka thelathini alishona sare za shule na magauni ya watu hadi mgongo ukapinda. Alimlea mwanawe peke yake, na bisibisi ya kwanza ya mwanawe aliinunua yeye. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, pumzi zilikuwa fupi, na kutoka kitandani hadi dirishani ilimbidi apumzike mara mbili. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba moyo ule hauwezi kupambana na joto. Msimu wa jua kali ukifika, chumba chake kiwe na ubaridi wa wastani mchana kutwa, la sivyo watampoteza.

Ndiyo maana Fundi Digrii aliifunga mashine ile kwa mikono yake mwenyewe, miaka minne kabla ya mambo haya. Siku hiyo aliandika tarehe kwa herufi za madoido, mama yake akimtazama kutoka kitandani kwa fahari iliyoshindwa kujificha. Chini ya kipande kile hakikuongezwa kingine.

Kosa lenyewe lilifanyika mwishoni mwa msimu wa joto uliotangulia, na lilichukua dakika kumi. Ilikuwa siku ya mapumziko, maduka ya vipuri yamefungwa. Mama mmoja tajiri, ambaye nyumba yake ilijulikana kwa geti lake jeusi, alimpigia simu akisema ana wageni arobaini sebuleni na mashine haiwaki. Fundi Digrii alikwenda, akaikagua, akaona kwamba kapasita imekufa. Kapasita ni kidude cha bati, umbo lake kama kopo dogo la maziwa, nacho ndicho kinachoipa mashine msukumo wa kuanza kazi. Hakuwa na nyingine mkobani. Wageni arobaini walikuwa wamemkodolea macho, na mwenye nyumba alikuwa ameshawaambia kwamba huyu ndiye bingwa wa mji.

Alirudi nyumbani mbio, akaegemeza ngazi nyuma ya chumba cha mama yake, akaing'oa kapasita nzima ya mashine ile. Mahali pake akachomeka nyingine kuukuu aliyoitoa kwenye mashine mbovu, ambayo tayari ilikuwa imeanza kuvimba tumbo. Kwa mazoea ya kazi alikata kipande cha mkanda, akaandika tarehe na maneno mawili, "ya muda", akakibandika kwenye kopo lenyewe.

Mama yake alichungulia dirishani akamuuliza anatafuta nini huko juu.

"Naazima kitu kidogo, Mama. Kesho nakirudisha."

"Azima, mwanangu," mama alisema. "Nyumba yako, ukuta wako."

Kesho hiyo ilizaa kesho nyingine. Kisha hali ya hewa ikabadilika, mashine ikazimwa, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuwa na haja nayo. Mwanzoni mwa msimu mpya Fundi Digrii alinunua kapasita mpya, nzuri kabisa, akiwa na nia safi ya kuiweka jioni ileile. Aliitia mkobani, chini ya bisibisi na brashi, na huko ikakaa.

Mtu akiuliza kwa nini hakuiweka, jibu halitakuwa moja. Alichoka kweli. Msimu wa joto ndio msimu wa kazi yake, na simu yake haikupoa tangu asubuhi hadi jua kuzama. Alipofika nyumbani mikono ilikuwa na ganzi na hakutaka kuona parafujo nyingine. Lakini chini ya uchovu palikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu. Aliona haya kupanda ngazi ile na kuyakuta maneno aliyoyaandika kwa mkono wake. Kila siku iliyopita ilifanya haya hiyo iwe nzito zaidi, na kadiri ilivyozidi kuwa nzito ndivyo alivyozidi kuikwepa.

Mashine ikaanza kuonyesha dalili. Iliwaka kwa kusitasita, safari nyingine mara ya tatu ndipo ishike. Ikishika ilinguruma, na hewa iliyotoka ilikuwa kidogo, yenye harufu ya vumbi, maana chujio nalo halikuwa limeguswa. Maji yakaanza kudondoka ukutani, na mke wa fundi akatega beseni. Mke huyo alikuwa mpishi wa shule. Aliondoka alfajiri na kurudi saa nane mchana, na ndiye aliyemwogesha mama mkwe wake, akamlisha, akajua siri za mashuka yake.

"Baba Watoto," alimwambia mumewe jioni moja, "ile mashine ya Mama inalia."

"Nimeisikia. Jumapili naifungua."

Jumapili ilifika na wateja wake. Jumapili ya pili ilifika vivyo hivyo. Kila jioni Fundi Digrii aliingia chumbani kumsalimu mama yake na kumuuliza kama ubaridi unatosha. Na kila jioni mama, aliposikia hatua zake koridoni, alilivuta shuka hadi shingoni ili mwanawe aamini kwamba anahisi baridi.

"Unatosha, mwanangu. Jana nusura niombe blanketi."

Fundi alitoka akiwa amepumua. Mkewe ndiye aliyebaki kubadilisha shuka lililolowa jasho kana kwamba limetolewa kwenye maji. Siku moja alishindwa kuvumilia, akamuuliza mama mkwe wake kwa nini hamwambii ukweli.

Mama alicheka kwa pumzi fupi. Alinyanyua upindo wa gauni lake la kulalia, uliokuwa umefumuka na kushikizwa kwa pini.

"Unauona huu? Nimeshonea mtaa mzima, mimi nikatembea na pini. Ufundi ndivyo ulivyo, mwanangu. Mwache apumzike. Anahangaika na watu kutwa, nami niwe mteja mwingine wa kumsumbua?"

Mkaza mwana huyo alikwenda jikoni akalia kidogo, kisha akajifuta na kupiga moyo konde. Kesho yake, alipotoka kazini, hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia karakana ya Taratibu, akamweleza, akamwomba aje kabla mumewe hajarudi. Taratibu alimsikiliza hadi mwisho, akachukua ngazi, akamfuata bila kuuliza habari ya malipo.

Bahati haikuwa yao. Fundi Digrii alikuwa amesahau pampu yake ya maji nyumbani, na alipokuja kuichukua alimkuta Taratibu mlangoni, ngazi begani. Alisimama. Alimtazama mkewe, akaitazama ngazi, na uso ukamwiva.

"Hii ngazi inakwenda wapi?"

Taratibu aliishusha chini polepole, kama alivyofanya kila kitu. Alisema ameombwa aitazame mashine ya Mama, na kwamba haitamchukua muda.

"Kwangu mimi?" Fundi Digrii alisema. "Watu wakuone unatoka nyumbani kwangu na ngazi, watasema nini?"

"Watasema fundi ana mashine mbovu, kaka. Hilo si kosa. Ya kwangu uliifungua wewe mwaka juzi, umesahau? Niliihangaikia wiki mbili nisione tatizo, wewe ukaliona kwa kuingia tu. Mtu haoni kisogo chake."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na labda upole ndio uliomchoma zaidi. Fundi Digrii alijibu kwamba hajafikia mahali pa kutibiwa na Taratibu. Aliongeza kwamba Jumapili hii mashine itafunguliwa na mwenyewe, na asije mtu tena mlangoni kwake na vyombo. Taratibu aliinua ngazi yake. Kabla hajaondoka alichungulia kwenye mlango wa chumba uliokuwa wazi, akamsalimu mama. Mama alimjibu kwa furaha akamuuliza hali ya watoto wake, shuka likiwa limevutwa hadi shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, na Taratibu aliliona. Siku zote za baadaye alijuta kwamba alikwenda zake.

Wiki hiyo joto lilifika pabaya. Lami ililainika, mbwa walilala kwenye mitaro, na watu waliacha kusalimiana kwa maneno wakawa wanainua mikono tu. Alhamisi asubuhi mke wa fundi alimwogesha mama, akajaza jagi la maji, akaiwasha mashine mara nne ndipo ikashika. Alisimama mlangoni akisitasita. Mama akamfukuza kwa mzaha, akasema watoto wa watu watashinda na njaa kwa sababu ya bibi mmoja.

Saa nne simu ya Fundi Digrii iliita. Alikuwa juu ya ngazi katika nyumba yenye geti jeusi, akisafisha mashine ya sebuleni. Alikuwa mama yake.

"Samahani, mwanangu, najua uko kazini. Mashine imenguruma ikanyamaza. Feni yake inazunguka lakini hewa ni ya moto. Nifungue dirisha?"

Neno dirisha lilimgusa mahali palipozoea kujibu bila kufikiri. Wateja walikuwa wamemuuliza swali hilo mara elfu.

"Usifungue, Mama. Utatoa ubaridi wote, na jua litaingia. Shusha pazia, funga mlango, weka taulo chini. Iache, itashika yenyewe. Saa sita nakuja."

"Haya, mwanangu," mama alisema. "Wewe ndiye fundi."

Alishuka ngazi na kwa kitambo alisimama katikati ya sebule ile kubwa. Akilini aliiona kapasita mpya iliyolala mkobani, na mkoba huo ulikuwa hatua chache tu kutoka miguuni pake. Saa sita, alijiambia. Akatoka nje kumalizia mashine ya nje, akafungua kifuniko, na hapo macho yake yakakutana na kipande cha mkanda alichokibandika mwaka uliotangulia. Kilisema "kapasita nzima". Kopo lenyewe lilikuwa hapo linang'aa, lile alilolitoa kwa mama yake, likifanya kazi yake vizuri. Alikifunga kifuniko upesi kuliko kawaida yake.

Saa sita alikuwa ameshakusanya vyombo vyake. Mwenye nyumba alimwomba jambo dogo tu, atazame na chumba cha wageni, kwa kuwa kesho wanakuja watu. Fundi Digrii alitaka kukataa. Alifungua kinywa akataka kusema mama yangu ananingoja, lakini maneno hayo yangehitaji maelezo. Angewezaje kueleza kwamba mashine ya mama wa bingwa imekufa? Alikipandisha kifuniko cha mashine ya chumba cha wageni. Chumba hakikuwa na mtu. Alikisafishia chujio, akakiwekea digrii ishirini na nne, akashusha mapazia, akakunja taulo chini ya mlango, na chumba kile kitupu kikapoa vizuri kabisa.

Saa nane na dakika chache simu iliita tena.

"Baba Watoto, njoo nyumbani."

"Niko njiani. Ilishika?"

Mkewe alirudia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, "Njoo."

Mke alimsimulia baadaye, na hakuweza kusimulia zaidi ya mara moja. Alipofika alikuta mlango wa chumba hautaki kufunguka. Taulo lilikuwa limekunjwa na kusukumwa chini yake kwa uangalifu, kama linavyokunjwa na mtu aliyeshika nguo maisha yake yote. Alisukuma kwa bega. Hewa iliyomtokea ilikuwa kama ya tanuri. Pazia limeshushwa, dirisha limefungwa kwa komeo, jagi halina maji. Mama alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha, mgongo ukutani, mkono mmoja umeinuka na kushika ukingo wa pazia. Huenda mwishoni alitaka kufungua. Huenda alikuwa analishikilia pazia lisipitishe jua, maana aliambiwa alishushe. Hilo halikujulikana.

Daktari alipofika hakuwa na kazi. Alisema moyo umesimama, na akasema ni joto. Alipouliza kama chumba hakikuwa na kiyoyozi, kila mtu aliinamisha kichwa, na kiyoyozi kilikuwa pale juu ukutani, kimetulia.

Fundi Digrii hakulia siku hiyo. Alikwenda huku na huko, akapokea watu, akaagiza viti, akajibu salamu za rambirambi kwa sauti kavu. Wateja wake walifika mmoja mmoja. Mwenye geti jeusi naye alikuja siku ya mazishi, akamshika mkono kwa huzuni ya kweli, akamwambia kwamba wageni wake wamelala vizuri na wamemshukuru sana. Hakujua anachokisema. Fundi alimshukuru.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu waliotoka mbali walikuwa bado wamejaa nyumbani, na shangazi wawili wazee walilazwa katika chumba cha mama kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Joto halikuwa limepungua hata chembe. Mke wa fundi aliwatazama wakijipepea kwa vipande vya boksi, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa amekaa kibarazani bila kuona kitu. Hakumuuliza. Alikwenda kwa Taratibu kwa mara ya pili.

Safari hii ngazi ilipita mlangoni na hakuna aliyeisimamisha. Taratibu alimsogelea mwenzake, akasimama mbele yake hadi akainua macho.

"Kaka, naomba ruhusa."

Fundi Digrii aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyanyuka, akamfuata kama mtoto, akakaa kwenye kitanda cha mama yake. Shangazi zake wakampisha wakatoka.

Taratibu alianza na chujio. Lilitoka likiwa limevaa vumbi nene kama blanketi, na alilipeleka bombani akaliosha. Aliporudi aliegemeza ngazi nje ya dirisha, akafungua mashine ya nje, akakagua waya mmoja mmoja. Hatimaye alichungulia ndani kwa dirisha lilelile ambalo mama alichungulia nje mwaka uliotangulia kumuuliza mwanawe anatafuta nini.

"Kapasita imekwisha," alisema. "Unayo nyingine?"

Fundi alinyoosha mkono kuelekea kona ulipokuwa mkoba. Mkewe aliufungua, akaondoa bisibisi, akaondoa brashi, akatoa boksi dogo ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa. Aliligeuza mara mbili mikononi. Alimtazama mumewe, na katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumtazama hivyo. Alimpa Taratibu boksi lile kupitia dirishani, akaondoka pale akasimama upande wa pili wa chumba.

Taratibu, ambaye hakuwahi kufanya jambo upesi, alimaliza kwa muda usiozidi robo saa. Alipoingia ndani alikuwa na ile kapasita ya zamani, imevimba tumbo na kupasuka juu. Hakuweza kuitupa kabla mwenyewe hajaiona, maana hiyo ndiyo desturi ya mafundi, kumwonyesha mwenye mashine kilichotolewa. Aliiweka kiganjani mwa Fundi Digrii. Mkanda ulikuwa bado umeshika. Tarehe ilisomeka, na chini yake, kwa mkono uleule mzuri uliojulikana katika kila nyumba ya mtaa, "ya muda".

Kisha Taratibu alibonyeza rimoti. Mashine iliwaka mara moja, kwa sauti ndogo, na hewa ya baridi ikaanza kushuka juu ya kitanda, juu ya jagi, juu ya cherehani kuukuu iliyofunikwa kitambaa. Ilikuwa baridi nzuri, baridi ya ishirini na nne, kama daktari alivyotaka. Ndipo Fundi Digrii alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyevunjika mfupa, akiwa ameikumbatia kapasita ile kifuani.

"Ilikuwa mkobani," alisema. "Miezi mitatu, ndugu yangu. Nilikuwa naibeba nyumba hadi nyumba."

Taratibu alikaa kando yake kitandani, akamwekea mkono mgongoni. Mke alisogea dirishani na, kwa mazoea aliyofundishwa na mumewe, akashika kitasa alifunge ili ubaridi usitoke.

"Liache," Fundi Digrii alisema. "Liache wazi."

Aliliacha. Hewa ya baridi ikapita juu ya vichwa vyao, ikatoka dirishani, ikapotelea juani. Kazi yake aliirudia baadaye, kwa kuwa watu wanapaswa kula, lakini hotuba aliiacha. Kila mwanzo wa msimu wa joto, kabla hajagusa mashine ya mteja yeyote, alivuka barabara hadi karakana ya pili na kumwomba Taratibu aje na ngazi nyumbani kwake. Wageni mtaani walipomuuliza sababu, bingwa kama yeye kufunguliwa mashine na mwingine, aliwajibu kwa neno lililokuwa la wahenga na ambalo sasa lilikuwa lake: mganga hajigangi, hata dawa ikiwa mkobani mwake.